Vigelegele Tulivyompigia Bwana Kamugisha

Jumatatu, 6 Machi 1995

Dagaa wengi. Mgongo unauma. Tumeanika mwalo mzima, toka mitumbwi inapopandishwa mpaka njiani, na ndege nyangenyange wamekuja kula kama wamealikwa. Nimewafukuza kwa kanga mpaka kanga imechanika. Sijali, ilikuwa ya zamani.

Jana mkutano wa kampuni hapa Igoma, kwenye mashine yetu. Kampuni yetu, Tujaribu. Bado nikiandika neno kampuni nacheka. Wanawake watano tulioanza na ungo na turubai moja, leo tunasaga dagaa na pumba, tunauza chakula cha kuku mpaka Shinyanga. Bwana Kamugisha, meneja wetu, yule Mhaya tuliyemkaribisha mwaka jana na mke wake wakanunua hisa kidogo, alisimama na tai shingoni. Akasema kampuni itatoa hisa mpya mia mbili na hamsini. Akasema itakuja mashine kubwa.

Tulipiga vigelegele. Mimi nilianza. Mwenyekiti wetu Mama Spora naye akapiga, na yeye huwa hapigi hata harusini. Bwana Kamugisha akaandika, akafunga mkutano, tukanywa soda.

Nimelala vizuri. Hisa mpya! Kwetu Usukumani ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye boma. Nilijihesabia ndama.

Jumatano, 8 Machi

Furaha imepata mchanga.

Mama Spora alimwuliza meneja lini tutapewa vyeti vya zile hisa mpya. Meneja akashangaa. Akasema hisa mpya ni zake na kaka yake wa Bukoba anayetoa hela ya mashine. Akasema sisi tulikubali, tena kwa shangwe.

Hakusema kwa ubaya. Ndicho kinachoniudhi. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Huyu anakuuliza hali ya watoto, Kulwa wangu anaendeleaje, Doto kaolewa wapi, na kweli anasubiri umjibu.

Mama Spora katoka Nansio, Wakerewe hawapayuki. Njiani akasema tu twende kwa wakili. Nina hasira. Ndama wamezaliwa kwenye boma letu, tayari wana alama ya mtu mwingine.

Ijumaa, 10 Machi

Tumekwenda mjini kwa wakili, wote watano. Ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la vitambaa. Kijana mdogo, katusalimia shikamoo mmoja mmoja mpaka viti vikaisha. Nimempenda.

Akaeleza. Tukatoa macho. Akaona hatujaelewa, akatuuliza nani amewahi kupanga chumba. Wote. Akasema basi: mmejenga nyumba ya vyumba vitano, kila mmoja chumba chake. Anakuja mtu anaongeza vyumba kumi kwenye kiwanja hichohicho, vyote vyake. Chumba chako hakijavunjwa. Kipo, na kitanda chako kipo. Lakini kuanzia siku hiyo ukitaka kupaka rangi ukutani unaomba ruhusa.

Hapo nikaelewa mpaka tumboni. Nimepanga miaka mingi Nyakato. Najua kuomba ruhusa ya kuanika nguo.

Sasa hivi sisi watano kampuni karibu yote ni yetu. Zikitoka hisa zile tukakaa tu, tunabaki na robo na kidogo. Robo! Ya kitu tulichokizaa wenyewe.

Akauliza siku ile tulipiga kura vipi. Tukatazamana. Mama Spora akainamisha kichwa akasema tulipiga vigelegele. Yule kijana alicheka akafuta miwani. Akafungua katiba ya kampuni, ile tuliyotia sahihi bila kuisoma, akasoma. Kura ni mkono, na mikono ihesabiwe.

"Mama zangu," akasema, "kigelegele si mkono."

Kwa hiyo mkutano ule haufai, atamwandikia meneja urudiwe. Katiba inasema pia hisa mpya lazima wapewe nafasi kwanza wanahisa waliopo, kila mtu kwa kadiri ya alizonazo. Kwa hizi, mwenye hisa moja ya zamani ananunua mbili mpya. Akikataa ndiyo wanapewa wengine. Tukasema hela hatuna. Akasema hisa hailipwi kwa hela tu, hata mali inafaa, ikishathaminiwa. Halafu akauliza, kiwanja mnachoanikia pale mwalo ni cha nani?

Cha Mama Spora. Aliachiwa na marehemu mume wake. Na chanja za kuanikia tumejenga sisi watano kwa mikono yetu. Kampuni inavitumia bure toka mwanzo, hakuna aliyewahi kuvitia kwenye hesabu.

Wakili akakaa sawa.

Nikauliza habari ya mahakama. Akasema ipo, mwenye hisa chache akionewa anaweza kulalamika kwa jaji, lakini kesi za namna hiyo zinazeeka, na nyinyi mnaitaka mashine, hamtaki kesi. Kweli. Mashine naitaka. Naota inanguruma.

Mwisho akatuonya tusimwambie mtu. Meneja akijua tutaleta kiwanja atamshika kila mmoja peke yake, huyu ahadi, yule kanga, mpaka wawili watatu wahamie upande wake. Alipokuwa anasema hivyo wenzangu wote waligeuka wakanitazama mimi.

Nimeudhika kidogo. Si sana.

Jumamosi, 11 Machi

Sijasema.

Jumatatu, 13 Machi

Mbalamwezi imeanza, dagaa hawafuati taa, karabai za mitumbwi zimezimwa. Wavuvi wanashona nyavu. Siku kama hizi ndiyo siku zangu, naanzia bombani, napita kwa msusi, namalizia gengeni, nikirudi nyumbani najua Igoma nzima imelalaje. Leo nilifika bombani, nikateka maji, nikarudi. Niliogopa. Nikianza na habari ya mbuzi itaisha na habari ya hisa, najijua.

Meneja kapata barua ya wakili. Hakukasirika. Kasema mkutano tutarudia Jumapili baada ya kanisa, mikono tutahesabu. Kwa hiyo wiki moja tu ya kubana mdomo.

Nashukuru nilisoma kisomo cha watu wazima. Kama si daftari hili ningepasuka.

Jumatano, 15 Machi

Wameniletea uji!

Jirani yangu kaja na chupa ya uji wa ulezi, na nyuma yake msusi, na nyuma yake mama muuza genge. Wamesikia naumwa. Nani kawaambia? Hakuna. Wameona sijapita siku mbili wakajua tu. Mmoja kasema ni presha. Mwingine kasema baba Kulwa lazima kanipiga. Mume wangu alikuwa pale pale anamenya muhogo, masikini, mtu ambaye hata kuku hachinji. Toka kiwanda cha nguo kilipopunguza watu yuko nyumbani, ananipikia. Alibaki na kisu mkononi hajui ajitetee vipi.

Nikanywa uji. Nikasema koo. Nikakohoa kuwaridhisha. Walivyoondoka nilizika uso kwenye mto nikacheka mpaka machozi.

Mume wangu kaniuliza usiku kuna nini. Nikamwambia nitakwambia tarehe fulani. Akasema sawa. Ndiyo maana nilikubali kuolewa naye.

Jumapili, 19 Machi

Mkutano haukufanyika. Meneja katuma neno asubuhi kwamba umeahirishwa.

Kanisani katekista kanisifu mbele za watu. Kasema wapo ndugu walioacha nyama Kwaresima hii, wengine pombe, lakini mama mmoja hapa ameacha maneno, na hiyo ndiyo sadaka nzito. Watu wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilifurahi pia. Sijawahi kusifiwa kanisani.

Lakini meneja naye alikuwepo, kaja na mke wake, ingawa wao ni Walutheri. Baada ya misa akanifuata. Akanisalimia, akauliza koo. Halafu akasema taratibu, anatabasamu:

"Mama Kulwa, wewe ukipiga kelele mimi nalala. Umenyamaza wiki nzima. Mnapanga nini?"

Nikasema Kwaresima.

Hakuamini. Nimerudi nyumbani moja kwa moja. Nimefunga mdomo wiki nzima na mdomo uliofungwa ndio umesema kila kitu.

Jumanne, 21 Machi

Taarifa ya mkutano imekuja, kwa maandishi, kila mtu yake. Alhamisi tarehe 30, saa tatu asubuhi.

Giza!

Yaani katikati ya giza, siku mwezi hauonekani, karabai zote ziko ziwani, dagaa wanamwagwa mwalo alfajiri, na saa tatu ndiyo saa ya kuanika na kugeuza. Tena masika. Ukiwaacha dagaa mvua ikawakuta, umekula hasara ya mwezi mzima. Hakuna mwanamke wa mwalo anayeondoka saa hiyo. Akifiwa, analia huku anaanika. Meneja anajua. Kakaa na sisi mwaka mzima.

Wakili kasema taarifa ni halali, siku zimetimia. Na katiba yetu inasema wanahisa wawili wakikaa mkutano umekamilika. Meneja na mke wake ni wawili. Tusipokwenda watanyoosha mikono yao miwili, basi, vyumba vimejengwa. Tuwe watatu kwenda juu ndiyo tuwashinde.

Nina hofu kweli leo. Na kosa ni langu. Ningepayuka kama kawaida angelala.

Nimewaambia wenzangu hivyo. Mama Spora kanijibu kwamba ningepayuka tungekwisha mapema zaidi, kwa hiyo nile chakula. Nimekula.

Alhamisi, 23 Machi

Kikao kwa Mama Spora. Swali, nani aende, nani abaki na dagaa. Watatu waende, wawili wabaki.

Hakuna aliyekubali kubaki. Hata mmoja! Kila mtu anasema mwenzake ana mkono mwepesi wa kuanika. Mimi nilisema wazi, siwezi kuikosa siku hiyo nikaja kuhadithiwa, bora dagaa waoze. Wakanizomea, lakini niliona kila mmoja anawaza hivyohivyo.

Ndipo mdogo wetu, yule mwenye mimba, akasema kwani waume zetu wana kazi gani.

Kicheko, mpaka kuku wa Mama Spora wakakimbia.

Huku mwanaume anavua, anashona wavu, anabeba gunia. Kuanika hapana. Kuinama juu ya chanja na kugeuza dagaa kwa vidole, watoto watamwimba. Lakini tumekubaliana. Leo usiku ndiyo nimemwambia mume wangu kila kitu, toka vigelegele mpaka giza. Nimeongea mpaka taa ikaisha mafuta. Raha gani hii! Akasikiliza yote. Kisha akauliza swali moja, dagaa wanageuzwa mara ngapi.

Jumanne, 28 Machi

Tumewafundisha. Mume wangu ana mikono ya kiwandani, anapanga dagaa mstari kama nyuzi. Mmoja mmoja! Nikamwambia baba, kwa mwendo huu tutamaliza Krismasi. Mume wa yule mjamzito anataka avae kofia kubwa asijulikane. Mwalo mzima wanamjua kwa miguu.

Wingu limesimama upande wa Ukerewe. Sitaki kuliangalia.

Alhamisi, 30 Machi

Lazima niandike leo.

Tuliwaacha wanaume mwalo jua halijapanda. Tukaenda Igoma moja kwa moja, hatukurudi nyumbani kubadilisha. Magamba mpaka kwenye nyusi. Mama Spora peke yake ndiye aliyebeba viatu.

Saa tatu kasoro meneja na mke wake wamekaa, meza safi, kalamu. Mke wake ni nesi, mpole, anafuga kuku nyuma ya nyumba, hisa zake kumi alinunua kwa hela yake. Tulivyoingia tunanuka vile, meneja alisimama. Akatazama nje kama anatafuta nani kabaki na dagaa. Wakili wetu akaingia nyuma yetu na faili.

Meneja akasoma. Hisa mpya mia mbili na hamsini, kwake na kwa kaka yake, kwa ajili ya mashine. Anaongea vizuri yule mtu. Alivyofika pale kwamba litanunuliwa na gari la kupeleka mizigo nikasikia kigelegele kinapanda kooni chenyewe, naapa. Nikajiuma ulimi. Mwenzangu akanikanyaga mguu kwa tahadhari.

Wakili akasimama akasema wateja wake mashine wanaitaka. Ila katiba inawapa nafasi ya kwanza. Watachukua hisa mia, na watalipa kwa kiwanja cha mwalo na chanja zote, mthamini ameshaandika. Zilizobaki ndiyo za mashine.

Meneja akasema kiwanja si ni cha kampuni? Mama Spora akafungua kanga akatoa karatasi ya kiwanja. Akaiweka mezani.

Meneja akageuka kwa mke wake. Akamwambia kwa sauti ya chini, nilisikia, kwamba wao wawili wasimame na hoja yake kama walivyopanga, hao wengine waseme wanavyotaka, yeye ataipeleka mbele zaidi, hata kwa jaji. Mke wake akaomba kwanza aelezwe hii hesabu. Wakili akaanza na asilimia. Nikaona yule mama macho yanapotea kama yetu siku ile. Nikashindwa. Nikasimama, sikuruhusiwa, nikamweleza nyumba na vyumba. Nikamwambia, dada, hivyo vyumba kumi ni vya mume wako na shemeji yako. Chako ni kilekile kimoja, kile cha kuku. Kesho ukitaka kupaka rangi utamwomba ruhusa shemeji yuko Bukoba.

Akamtazama mume wake. Mtazamo ule kila mwanamke aliyeolewa anaujua.

"Hukuniambia na zangu zinapungua," akasema.

Meneja akaweka kalamu chini.

Mwenyekiti akaita kura, wanaokubali hoja ya wakili. Mikono yetu mitano ikaenda juu, magamba yanang'aa. Halafu wa sita. Mke wa meneja. Akasema na yeye anachukua zake ishirini kwa hela ya mayai.

Meneja alibaki peke yake na mikono mezani. Nikamhurumia, kweli. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka. Akasema alidhani kampuni hii ina mtu mmoja wa kuogopa, akaniogopa mimi, kumbe wa kuogopwa analala naye kitanda kimoja. Akanyoosha mkono na yeye. Wakili akahesabu saba, akaandika.

Ndipo tukapiga vigelegele. Mama Spora alitangulia.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimelala kutwa. Leo naandika ya wanaume.

Juzi mvua ilikuja, ndogo. Tulivyorudi tunakimbia tumekuta mwalo mzima umejaa watu wanaangalia. Waume zetu wanne wako kifua wazi. Turubai zimefunika dagaa barabara, na juu ya turubai mashati yao, suruali ya mmoja, na ile kofia kubwa. Dagaa wakavu. Wakavu kabisa! Wamepangana mstari. Watoto walikuwa wameshatunga wimbo, na mume wangu anauimba nao.

Leo tumetia sahihi kwa wakili makubaliano mengine, kwamba siku nyingine hisa mpya hazitoki mpaka waanzilishi watatu wakubali kwa maandishi. Meneja katia sahihi ya kwanza. Kasema anaumwa kidogo moyoni lakini nyumbani kumekuwa na amani zaidi. Kaka yake wa Bukoba kakubali sehemu yake, mashine inakuja na meli wiki ijayo. Sisi tumebaki juu ya nusu. Si nyingi juu ya nusu. Lakini juu.

Bombani leo nimeeleza mara nne. Kila mara dagaa wanaongezeka.

Jumamosi, 15 Aprili

Kesho Pasaka. Mbalamwezi, mwalo mtupu.

Nimemkuta Mama Spora peke yake amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Nikakaa. Karatasi ya kiwanja kaikabidhi juzi, sasa ina jina la kampuni. Yeye kapewa hisa nyingi kuliko sisi, ni haki yake, hakuna aliyenung'unika. Lakini ile ilikuwa karatasi yenye jina la mume wake.

Akasema marehemu alikuwa akitoka ziwani anaupandisha mtumbwi hapa, anaketi hapa, anakunywa chai bila kusema. Akaniuliza kama ninadhani angekasirika.

Nikamwambia asingekasirika. Mimi sijui. Nilimjua kidogo tu yule mzee. Lakini nilimwambia hivyo, na nilikuwa namaanisha.

Ziwa limetulia. Kulikuwa na ndege mmoja kwenye chanja, hakuna hata dagaa wa kuiba, amekaa tu. Tumekaa mpaka jua likaanza kuuma. Halafu akasimama, akakung'uta kanga, akaokota jiwe lililokuwa katikati ya njia akalisogeza pembeni, kwa sababu giza likirudi wenye magunia ya dagaa watapita hapo.